Ulezi wa utafiti kwa madaktari wanaolenga upasuaji wa ubongo

Ulezi wa utafiti ni uhusiano wa muda mrefu ambamo mtafiti mzoefu humshika mkono daktari kijana, tangu swali linapozuka wodini hadi jibu linapochapishwa katika jarida ambalo madaktari wengine wanaliamini. Haufanani na usimamizi wa tasnifu. Msimamizi hupangiwa mwanafunzi na chuo na kazi yake huisha shahada inapotolewa, ilhali mlezi humfuata mtu mwenyewe: humzoeza kusoma makala bila kukubali kila kilichoandikwa, humkutanisha na wenye ujuzi asio nao, na humwandikia barua ya kumpendekeza anapoomba nafasi ya masomo ya ubingwa.

Katika upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 13.8 duniani huhitaji upasuaji wa aina hii kila mwaka, na kwamba zaidi ya milioni 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawaupati. Palipo na uhaba kama huo, bingwa aliyepo hushinda chumba cha upasuaji na hukosa saa ya kuketi na kijana, na ndiyo maana mara nyingi mlezi huwa mji mwingine au nchi nyingine, wakikutana kwa simu na kompyuta.

Tuchukue mfano wa daktari mwanagenzi wa Mombasa ambaye hupokea vijana walioumia vichwa katika ajali za bodaboda, naye anataka kuandika kuhusu majeraha ya kichwa Pwani. Mlezi mzuri hatamruhusu aanze na mada pana kiasi hicho. Atamuuliza ni jambo gani hasa linalomsumbua kila anapopokea wagonjwa hawa. Akijibu kwamba wanaotoka upande wa Kwale, wengi wao wakivukia feri ya Likoni, huonekana kufika wamechelewa, swali limeanza kupata umbo: kwa mtu mzima aliyeumia kichwa, hupita saa ngapi tangu ajali hadi apigwe picha ya CT inayoonyesha ndani ya kichwa, na je, wanaovuka hukawia kuliko wanaotoka kisiwani au Kisauni?

Kazi yenyewe huanzia hapo, kwenye mafaili. Wakiyapitia machache kwa majaribio, huenda wakakuta saa ya kufika imeandikwa lakini saa ya ajali haimo. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho humpa mgonjwa alama kati ya 3 na 15 kwa kuangalia macho, usemi na uwezo wa kujongeza viungo, kimejazwa kwa baadhi, na kwa wengine limeandikwa neno moja tu: "hajitambui". Mlezi humkataza kijana asigeuze neno hilo kuwa alama ya kubuni. Humwonyesha pia jambo gumu zaidi kuliona, kwamba waliofariki njiani hawamo kabisa katika mafaili hayo, na kwa hiyo hesabu inaweza kudanganya kwamba wanaotoka mbali hupona vizuri, kumbe waliofika ni wale tu waliokuwa na nguvu za kuhimili safari. Basi wanatayarisha fomu ya ukurasa mmoja, wanaomba idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti nchini Kenya, kisha wanakusanya taarifa upya, mgonjwa mmoja mmoja.

Maswali yanayotokana na uhaba yamewahi kuufunza ulimwengu mzima. Huko Mbale, Uganda, daktari Mmarekani Benjamin Warf aliona kwamba mpira unaopitisha maji kutoka kichwani mwa mtoto ambaye maji yamejaa ubongoni kupita kiasi hadi tumboni ukiziba, mtoto anayeishi mbali na hospitali anaweza kufa kabla hajafikishwa. Akaendeleza njia ya kuingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo, kuyafungulia maji mkondo mpya na kuchoma tishu inayoyazalisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Jaribio lililofanywa Uganda kwa watoto wachanga 100, likachapishwa mwaka 2017, lilionyesha kwamba baada ya miezi 12 ukuaji wa akili wa watoto waliopata njia hiyo haukutofautiana kwa kiasi cha maana na wa waliowekewa mpira. Leo njia hiyo hutumika hata Marekani.

Si lazima mlezi awe mpasuaji. Anayejua takwimu vizuri anaweza kumfaa kijana kuliko bingwa mwenye jina kubwa asiye na nafasi, na watu wa Pwani wana bahati ya kuwa na kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, cha Kilifi, kama kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa, kilichofanya utafiti tangu 1989, ukiwemo wa malaria inayoshambulia ubongo na wa kifafa.

Linaloniuma ni ulezi wa jina tu, ambapo kijana hutumwa kukusanya takwimu kisha wengine wakaandika wakiwa mbali. Kanuni za kimataifa za wahariri wa majarida ya tiba husema kwamba kukusanya takwimu peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi, ni lazima pia ashiriki kuandika au kuhakiki, aidhinishe nakala ya mwisho na akubali kuwajibika. Wapo wanaoitumia kanuni hii kumwacha kijana nje. Lakini kanuni zizo hizo husema aliyechangia kwa kiasi kikubwa katika utafiti apewe fursa ya kushiriki kuandika, na kumfungulia mlango huo ni wajibu wa mlezi, hata kama rasimu ya kwanza itarudi imejaa wino mwekundu.

Kwa hiyo kabla ya faili la kwanza kufunguliwa, wawili hao waandike makubaliano mafupi: nani atakuwa mwandishi wa kwanza, gharama ya uchapishaji italipwa na nani, mlezi atajibu rasimu ndani ya muda gani, na nakala ya takwimu itabaki vipi katika hospitali iliyowatibu wagonjwa hao.