Filamu ya bendi ya wasichana katika anime: maana yake na namna ya kuitazama

Katika anime, yaani filamu na vipindi vya katuni vya Kijapani, filamu ya bendi ya wasichana ni hadithi ya wasichana, mara nyingi wanne au watano na wengi wao wa umri wa sekondari, wanaopiga vyombo kwa mikono yao na kuhangaikia jambo moja la muziki: kupanda steji fulani, kupita mchujo wa tamasha fulani, au kukamilisha wimbo mmoja kabla siku haijafika. Japani imetengeneza hadithi nyingi za aina hii tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na baadhi yake zimeingia kwenye majumba ya sinema.

Aina hii isichanganywe na hadithi za aidoru, yaani wasanii vijana wa pop wa Japani. Aidoru kwa kawaida huimba na kucheza juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa, nyimbo na miondoko yao hupangwa na kampuni, na mashabiki wengi humchagua msichana mmoja wakamfuata huyo. Bendi haiendi hivyo. Kuna mpiga gitaa, mpiga besi, mpiga drams, pengine mpiga kinanda, na mwimbaji ambaye mara nyingi naye ana gitaa begani. Mpiga drams akichelewa, wote wamechelewa. Mpiga besi akinuna na kuondoka, siku hiyo hakuna onyesho. Kutegemeana huko ndiko kunakoipa hadithi ya bendi uzito wake, kwa sababu kila ugomvi wa watu unageuka papo hapo kuwa ugomvi wa muziki.

Anime haikuzua jambo hili hewani. Princess Princess, bendi ya wanawake watupu iliyoanza mwaka 1983, ilitoa wimbo wa Diamonds uliokuwa singo iliyouzwa zaidi Japani mwaka 1989. Watazamaji wa Japani walikuwa wamekwisha kuwaona wanawake wakishika vyombo vyote vya bendi ya roki na kufanikiwa miaka mingi kabla ya wachoraji kuchukua penseli.

Kazi iliyoifanya aina hii ijulikane kila mahali ni K-On!, iliyotokana na katuni za mchoraji Kakifly na kutengenezwa na studio ya Kyoto Animation chini ya mwongozaji Naoko Yamada. Ilianza kwenye televisheni mwaka 2009, na filamu yake ikatoka Desemba 2011. Mtu anayesubiri humo mashindano na kombe hatayaona. Wasichana wanne wa mwaka wa mwisho wanasafiri London na mwenzao mdogo, Azusa, huku wakijaribu kumtungia wimbo wa kumuaga bila yeye kujua. Wanafika kwenye mgahawa wa sushi, wenyeji wanadhani wao ndio bendi iliyoalikwa, na kabla hawajapata nafasi ya kujieleza wanajikuta wanapiga. Lengo lao zima ni wimbo mmoja kwa msikilizaji mmoja. Watu huiita filamu ya kunywa chai na kula keki, na ni kweli chai ipo tele, lakini mimi naihesabu miongoni mwa filamu zilizoeleza vizuri zaidi utunzi wa wimbo ni nini: kuandika, kufuta, kuona aibu, kuandika tena, mpaka maneno yamfae yule anayeimbiwa.

Upande wa pili, wenye njaa ya kufika mbali, kuna filamu mbili za BanG Dream! Episode of Roselia, zilizotokana na BanG Dream!, mradi wa Kijapani wa anime, michezo ya simu na bendi. Ya kwanza, Promise, ilionyeshwa Aprili 2021, na ya pili, Song I am., ikafuata Juni mwaka huohuo. Studio ya Sanzigen ilizitengeneza kwa picha za kompyuta za pande tatu. Hapa ndipo maana ya lengo la muziki inapoonekana waziwazi kuliko kwingine, hivyo nitakaa hapa kidogo.

Roselia ni bendi ya wasichana watano. Mwimbaji wake, Minato Yukina, anataka kitu kimoja tu, kupanda steji ya Future World Fes, tamasha ambalo ndani ya hadithi hiyo ndilo kilele cha muziki wa aina yao. Baba yake alikuwa mwanamuziki, na bendi yake ilivunjika baada ya kusukumwa ibadilishe muziki ili uuzike. Binti anabeba kidonda cha baba. Ndiyo maana anapoanza kukusanya watu hatafuti marafiki, anatafuta uwezo. Anampata Sayo, mpiga gitaa aliyeachana na bendi yake ya awali kwa sababu wenzake hawakuwa na bidii ya kumtosha. Anakuja Lisa, jirani na rafiki wa utotoni, aliyekuwa ameacha kupiga besi na sasa analishika tena. Anakuja Ako, mpiga drams mdogo kuliko wote, anayekataliwa mara kadhaa na kurudi tena. Mwisho anaingia Rinko, mpiga kinanda mwoga wa watu aliyefahamiana na Ako kupitia mchezo wa mtandaoni.

Halafu linakuja jaribu lenyewe. Mtu wa kampuni ya muziki anamwendea Yukina na kumwambia kwamba anaweza kumpandisha kwenye steji ile anayoiota, ila na wanamuziki wengine watakaotafutwa kwa ajili yake. Yukina hakatai palepale. Ananyamaza. Ako na Rinko wanayaona mazungumzo hayo, habari inafika mazoezini, na wenzake wanapomuuliza kama yeye aliwahitaji wao au alihitaji njia tu ya kufikia steji, anakosa la kusema. Ukimya huo ndio unaoivunja bendi kwa muda, kuliko hata lile pendekezo la kampuni. Tazama namna tukio hilo lilivyopangwa: hakuna adui ndani ya chumba. Mtu wa kampuni amesema kweli na hakumlazimisha yeyote. Yukina naye hakudanganya, maana tangu siku ya kwanza alisema anataka tamasha. Kilichobadilika ni kwamba walipokuwa wakifanya mazoezi pamoja, lengo lilikwisha kuwa la watu watano, na yeye alikuwa wa mwisho kuligundua.

Kwa hiyo lengo katika filamu hizi lina kazi maalumu ya kisimulizi. Linawekwa wazi mapema, lina jina na mahali, kisha hadithi inatoa njia ya mkato ili mtazamaji aone mhusika ataitupa au ataifuata. Yukina anaitupa. Bendi inarudi kwenye njia ndefu ya mchujo na kushindwa, na steji ile inafikiwa kwenye filamu ya pili.

Lakini malengo si steji kubwa tu. Bocchi the Rock!, iliyotokana na katuni za Aki Hamaji na kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2022 kabla ya kukusanywa kuwa filamu mbili mwaka 2024, inaonyesha ngazi ya chini kabisa ya maisha ya bendi za Tokyo. Kwenye vilabu vidogo vya muziki, kama vile vya mtaa wa Shimokitazawa, bendi changa hupewa idadi ya tikiti ambazo lazima iuze. Zisipouzwa, fedha inatoka mifukoni mwao. Hitori, mpiga gitaa asiyeweza kumtazama mtu usoni, anatakiwa auze tikiti tano. Mbili anawapa baba na mama, halafu amekwama. Kwa msichana wa hivyo, tikiti tatu zilizobaki ni mlima.

Filamu ya pili ya Bocchi ina onyesho la tamasha la shule ambalo kila mpiga gitaa analielewa. Uzi wa kwanza unakatika katikati ya wimbo, na uzi wa pili haushiki tuni. Kita, mwimbaji ambaye amejifunza gitaa juzijuzi tu, anaongeza kipande cha rithimu pale palipokuwa pa solo ili mwenzake apate nafasi. Hitori anaokota kikombe cha kioo cha pombe kilichokuwa karibu, anakitelezesha juu ya nyuzi zilizosalia, na solo inapita. Hapo umeelezwa bendi ni nini bila hotuba yoyote.

Jambo jingine linalozitofautisha kazi hizi ni sauti zenyewe. Katika BanG Dream!, bendi kama Roselia ipo pia nje ya skrini: waigizaji waliotoa sauti za wahusika hupanda steji na kupiga vyombo hivyohivyo mbele ya watu. Girls Band Cry, anime ya televisheni ya mwaka 2024, ilipitia njia ya kinyume, ikawachukua wanamuziki kwanza kisha ikawafundisha kuigiza sauti. Mashabiki hupokea filamu kwa jinsi hiyo, na Japani huwa na maonyesho maalumu ya sinema ambapo watu huruhusiwa kushangilia na kupunga taa za mkononi kana kwamba bendi iko mbele yao.

Kabla ya kutazama, fahamu kwamba baadhi ya filamu ni hadithi mpya na nyingine ni mkusanyo wa vipindi vya televisheni vilivyofupishwa. Ya K-On! ni mpya, lakini inadhani tayari unawajua wasichana wale, hivyo anza na vipindi vyao. Mbili za Bocchi ni mkusanyo, zinatosha kwa mgeni asiye na muda. Promise inaanza tangu Roselia haijaundwa, na mtu asiyewahi kuona BanG Dream! hata mara moja anaweza kuingia hapo bila kupotea. Ukitaka kuona lengo la muziki likipimwa kwa watu, anza na hiyo, kisha uiendee Song I am. kabla hujasahau kile kimya cha Yukina mazoezini.