Si kweli kwamba mtoto akitimiza miaka 7 anakuwa wa baba

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: "Mtoto akifika miaka 7 sheria inampa baba, hata kama alikuwa anampiga mama." Kwa Tanzania, si kweli.

Fungua Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Miaka 7 inatajwa kwa jambo moja tu: kwamba aliye chini ya umri huo inadhaniwa ni heri akae na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Hakuna panaposema akishafika ni wa baba. Hapo ndipo watu wanapochanganya, na mila za ukoo nazo zinakoleza.

Mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi kuhusu mtoto na malezi yake. Kwa hiyo kipigo ndani ya nyumba si "mambo yao wawili". Kielezwe mahakamani, pamoja na vyeti vya matibabu kama vipo.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo wa miaka 7. Kuna mama anayevumilia kipigo kwa kuogopa kunyang'anywa mwanawe, na ujumbe huo ndio unaomfunga.