Bei ya mahindi, ruzuku ya mbolea na hesabu zinazopotosha

Dhana: Bei ya mahindi ikipanda, mkulima wa Nyanda za Juu Kusini lazima afaidike.

Ukweli: Mkulima huyohuyo hununua pia. Chukua mfano wa kaya ya Kilolo. Julai inauza magunia 6 kwa shilingi 50,000 kila moja, ada za shule zilipwe. Februari ghala tupu, inanunua magunia 4 kwa 90,000. Kwa magunia ni muuzaji. Kwa shilingi, imeuza 300,000 ikanunua 360,000. Toa manunuzi kwenye mauzo, kisha gawanya kwa matumizi yote ya mwaka, ukijumlisha na chakula kilicholiwa kutoka shambani. Matumizi yakiwa milioni 3, jibu ni hasi asilimia 2. Bei za misimu yote miwili zikipanda kwa asilimia 10, kaya inapoteza 6,000. Mchumi Angus Deaton alitumia kipimo hiki kwa mchele wa Thailand mwaka 1989.

Hesabu huharibikia kwenye dodoso: mtu anaandika "gunia" bila kuuliza ni lumbesa au la kilo 100. Mauzo yakiwa ya lumbesa na manunuzi ya debe, bei ya kilo inayotoka haina maana. Beba mizani.

Dhana: Faida ya ruzuku ya mbolea ni sawa na fedha iliyotolewa na serikali.

Ukweli: Tuseme bei ya mfuko wa mbolea inashuka kutoka 100,000 hadi 70,000, na mkulima aliyekuwa akinunua 2 sasa ananunua 4. Serikali inalipa 120,000. Mifuko 2 ya mwanzo inampa faida kamili, 60,000. Ile 2 ya nyongeza hakuiona kuwa na thamani ya 100,000 kila mmoja, la sivyo angeshainunua. Thamani yake kwake iko mahali kati ya 70,000 na 100,000, kwa hiyo tunaihesabia nusu ya punguzo, 30,000. Jumla 90,000. Ila kama alikosa fedha taslimu tu wakati wa kupanda, nusu hiyo inampunja. Ndiyo maana muulize pia kuhusu mkopo.

Dhana: Linganisha mavuno ya kabla na ya baada ya ruzuku, inatosha.

Ukweli: Hapo umepima pia athari ya mvua. Tafuta kaya zinazofanana ambazo hazikupata ruzuku, zipime miaka ileile, kisha toa ongezeko lao kwenye ongezeko la waliopata. Na waliojiandikisha mapema mara nyingi ndio wenye mashamba makubwa, kwa hiyo "zinazofanana" ndipo kazi ilipo.