Droni kupita juu ya kiwanja si kupimwa

Malalamiko mengi ya mipaka kwenye maeneo ya urasimishaji, yaani makazi yaliyojengwa bila kupimwa ambayo sasa yanapimwa ili wakazi wapate hati, huanza na kauli moja: "Droni ilishapita, kiwanja changu kimepimwa." Hakijapimwa. Kimepigwa picha tu.

Kwanza kibali. Anayerusha droni kwa kazi hii lazima awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na idhini ya Wizara ya Ulinzi; ni vizuri nakala zifike serikali ya mtaa kabla ya siku ya kurusha. Asiye na karatasi hizo harushi, hata kama wakazi wameshamchangia fedha.

Siku ya kazi hulazwa chini alama za msalaba mweupe, walau 5: nne pembezoni mwa eneo, moja katikati. Mahali ilipo kila moja husomwa kwa kipokezi cha setilaiti chenye usahihi wa sentimita. Tafadhali msiziokote. Alama ikisogezwa nusu mita baada ya kusomwa, ramani hupinda upande huo na kazi hurudiwa. Droni huruka kama mita 100 juu, picha zikipandana asilimia 80 mbele na 70 ubavuni, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, vivuli vikiwa vifupi.

Kwa urefu huo pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, hubeba karibu sentimita 3 za ardhi, lakini droni huona paa, haioni ukuta. Ukuta ukiwa ndio mpaka na bati limetokeza sentimita 60, mstari unaofuata ukingo wa bati umeshaingia kwa jirani sentimita 60. Chini ya mwembe haioni kitu kabisa. Ndiyo maana mpima hupita na kamera: hupiga picha ukuta pande zote mbili, na bikoni, yaani jiwe la mpaka lenye namba, huipiga picha kwa karibu, namba ikisomeka na rula ikiwa kando, kisha kwa mbali pembe ya nyumba ikionekana. Majirani wote wanaopakana wawepo, mbele ya mjumbe.

Picha ya simu yenye namba za GPS haitoshi. Simu hukosea mita kadhaa, na kwenye vichochoro vya Manzese, Dar es Salaam, mita kadhaa ni chumba cha mtu.

Bikoni zikishapandwa, ramani ya upimaji hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani iidhinishwe na kupewa namba. Bila namba hiyo hati haiandaliwi. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa la jinai, hata ikiwa ndani ya uzio wako. Ukiona imekaa vibaya, iandikie barua ofisi ya ardhi ya halmashauri, uambatishe picha ya karibu na ya mbali, kabla ramani haijaidhinishwa.