Usitie Dawa Jicho la Punda Kabla Halijapimwa

Punda wa Lamu hupita na mchanga, saruji na mawe kwenye vichochoro ambamo ukuta u karibu kabisa na uso wake. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, makubwa, yametokeza. Msumari, ncha ya boriti au fimbo ikimpata, kioo cha jicho huchubuka, na unene wa kioo hicho ni kama milimita moja tu.

Punda ni mvumilivu mno. Ataendelea kubeba mzigo huku jicho likimuuma, ndiyo maana sisi madaktari wa mifugo humchunguza kabla hatujamgusa. Tunasimama mbele yake na kulinganisha macho yote mawili, tukianza na kope. Kwenye jicho linalouma, kope za juu huinama kuelekea chini. Mwenye punda anaweza kuliona hilo asubuhi, kabla hajamtandika shogi. Machozi yakimtiririka shavuni au jicho likiwa nusu wazi, siku hiyo asibebeshwe.

Halafu tunamwingiza mahali penye giza na kumulika tochi. Mboni ya punda imelala mlalo, na ukingoni mwake juu kuna vinundu vyeusi. Wengine huvishuku kuwa uvimbe, lakini ndivyo alivyoumbwa. Mwanga ukiingia, mboni inatakiwa kunywea.

Kipimo kingine ni kumtishia kwa mkono ili apepese. Mkono usogezwe bila kupeleka upepo, maana upepo ukimgusa hata kipofu atapepesa. Kwa mtoto wa punda kipimo hiki hudanganya. Huzaliwa macho wazi, tofauti na paka ambaye hufumbua baada ya siku 7 hadi 14, ila kupepesa akitishiwa ni jambo la kujifunza, na huenda likachukua wiki mbili hivi. Tafadhali msiharakishe kusema mtoto ni kipofu. Ukimgusa kope akafumba, hiyo ni dalili njema ya neva za usoni, ingawa haithibitishi kwamba anaona.

Jicho lenyewe huanza mapema sana tumboni. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchomoza kutoka kwenye ubongo unaokua. Ikikaribia ngozi ya kichwa, ngozi hiyo hunenepa, ikajikunja ndani, ikawa lenzi. Hitilafu ikitokea hapo, mtoto anaweza kuzaliwa na jicho dogo au na mtoto wa jicho, hata kama mama yake alitunzwa vizuri.

Kwenye jicho linalouma, kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni rangi. Tunagusisha ukanda wa karatasi yenye rangi ya chungwa, kisha tunasuuza. Palipo pazima rangi huondoka. Palipochubuka hubaki kijani kibichi. Hapo ndipo dawa huchaguliwa. Baadhi ya matone ya macho yanayouzwa madukani yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani yake. Yakitiwa kwenye kidonda, wekundu hupungua na mwenye punda hufurahi, huku kidonda kikizidi kuchimba, na jicho linaweza kutoboka.

Mpaka daktari afike, mfunge punda kivulini, mbali na vumbi. Kama kuna uchafu, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usilisugue, usitie maziwa wala matone yaliyobaki ya mgonjwa wa nyumbani, na usingoje kesho.