Jina Kwanza, Rangi Baadaye: Namna ya Kuwakumbuka Watu Weusi Transjenda

Rita Hester aliuawa nyumbani kwake Allston, mtaa mmoja wa Boston, tarehe 28 Novemba 1998, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 35. Alikuwa mwanamke Mweusi transjenda: alipozaliwa aliandikwa mwanamume, akaishi na kujulikana mtaani kama mwanamke. Kuna magazeti yaliyoripoti kifo chake kwa kumwita mwanamume, na jina lake likatiwa alama za kunukuu kana kwamba ni la maigizo. Tarehe 4 Desemba jamaa na marafiki waliandamana Allston na mishumaa mikononi. Gwendolyn Ann Smith, mwanaharakati, alipokuwa akizungumza na watu kuhusu msiba huo, aligundua kuwa hawakumkumbuka Chanelle Pickett, mwanamke mwingine Mweusi transjenda aliyeuawa Watertown, karibu na hapo hapo Boston, Novemba 1995. Miaka mitatu tu, na jina limeshafutika. Siku ya Kuwakumbuka Watu Transjenda, iliyoanza 1999 na ambayo sasa huadhimishwa kila 20 Novemba, ilizaliwa na usahaulifu huo. Aliyemuua Rita hajapatikana hadi leo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ya kumbukumbu ni daftari, hata kabla ya kutafuta msanii. Shirika la Human Rights Campaign, linalotetea haki za wapenzi wa jinsia moja na watu transjenda, limekuwa likihesabu mauaji ya watu transjenda nchini Marekani tangu 2013, na wengi wa waliouawa ni wanawake Weusi transjenda. Orodha za namna hiyo zitumieni kama mwanzo tu. Kwenye daftari lenu wekeni safu sita: jina alilolitumia mwenyewe, matamshi yake, umri, mji, tarehe, na nani amethibitisha. Safu ya mwisho ndiyo huachwa wazi, na ndiyo inayoleta aibu siku ya tukio, pale mama wa marehemu anapomsikia mwanawe akiitwa kwa jina alilolikataa, au anapoona picha ya mtu mwingine kabisa. Familia na marafiki wakitofautiana kuhusu jina, chukueni lile marehemu alilolichagua. Msichapishe yote mawili kwa nia ya kuridhisha kila upande. Hilo la zamani litadakwa na kurudiwa.

Kiswahili kina nafuu yake hapa. “Aliimba”, “alipendwa”, “marehemu”: hakuna lolote kati ya hayo linalomtaja mwanamke wala mwanamume, hivyo kosa la magazeti yale halina pa kupenyea kwenye kitenzi. Linapenya kwenye nomino. Mfasiri asiye makini ataandika “kaka yetu” au “kijana wa kiume”, na kwa majina ya pwani na Omani kuna lile “bin” au “binti” la katikati, na neno hilo moja tu linatosha kumvunjia mtu heshima.

Kusoma majina kwa sauti kunahitaji hesabu. Jina, umri na mji, pamoja na kituo kifupi, huchukua kama sekunde kumi. Majina 40 ni karibu dakika saba. Pangeni wasomaji wawili wa kupokezana, kwa sababu sauti ya mmoja hukatika. Namna mtu alivyouawa isisomwe. Wapo wanaoisoma ili kuamsha hasira, lakini waliofiwa wako mstari wa mbele, na kinachobaki akilini mwao ni kisu, si mtu. Mishumaa iwekwe ndani ya vikombe. Novemba ya Boston ina upepo.

Kwa sanaa ya mikono ya wengi, kielelezo bora ni ule mfarishi mkubwa wa viraka wa kuwakumbuka waliokufa kwa Ukimwi, ulioanzishwa San Francisco na Cleve Jones na wenzake mwaka 1987. Kila kipande ni futi 3 kwa 6, yaani karibu sentimita 91 kwa 183, ukubwa wa kaburi. Vipande vinane hushonwa pamoja kuwa mraba wa futi 12. Kateni kitambaa kizito cha pamba na mwache sentimita 5 hadi 7 kila upande za kupinda. Wengi hulisahau pindo, na kipande kikifika kwa fundi kinakuwa kifupi. Herufi zishonwe. Zikigundishwa kwa gundi, gundi hukauka, hupasuka kitambaa kikikunjwa, na herufi hudondoka moja moja. Maneno yawe machache. Anayejua kuchagua jina la kanga haelezwi hili: lisomeke kwa mbali, lakini mwenye nalo alielewe zaidi ya wapita njia.

Mchoro wa ukutani ni shughuli nyingine. Allston ilipata wake mwaka 2022, taswira ya Rita iliyochorwa na msanii Rixy kwenye mtaa alioishi. Kabla ya rangi, chunguzeni ukuta: plasta mpya isubiri kama siku 28, na ukuta unaotoa chumvi au unaopanda unyevu toka chini utaibandua rangi hata iwe ghali vipi. Sugua kwa brashi, osha, acha ukauke, kisha praima (rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine), kisha rangi za akriliki. Mkitaka watu wengi washiriki, wakiwemo wazee wasioweza kupanda jukwaa, fuateni njia inayotumika sana Philadelphia: picha huchorwa ndani, juu ya vipande vya kitambaa chepesi cha poliesta kisichofumwa, vya futi 5 kwa 5, halafu hubandikwa ukutani kwa jeli ya akriliki.

Bajeti kubwa haizuii kosa. Agosti 2020 jimbo la New York lilibadili jina la bustani moja ya Brooklyn, ikawa ya Marsha P. Johnson, mwanaharakati Mweusi aliyefariki 1992 na aliyesifika kwa mataji ya maua kichwani. Mwaka uliofuata serikali ikaleta mpango wa kuifunika sakafu ya zege kwa maua ya rangi kali ya plastiki. Wakazi na watetezi wakapinga kwamba hawakushirikishwa, na kwamba mwanamke wa maua halisi anapewa ya plastiki. Kazi ikasimamishwa, mpango ukarudi mezani.

Mkataba wa ukuta utaje nani atakarabati na kwa fedha gani, walau kwa miaka kumi. Nyekundu na njano hupauka mapema zaidi kwenye ukuta unaopigwa jua. Andikeni namba ya kila rangi iliyotumika, nakala moja ikae kwa mwenye jengo na nyingine kwa familia.