√x² haiko x

Minafundisha hesabu kwa banafunzi ba humanite hapa Bukavu, na kila mwaka wakati ba finalisti banajitayarisha kwa Exetat, ule mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kuko kitu kimoja kinaniuma sana: mutoto anajua kuvunja 72 vizuri, anajua kugawa vipeo, alafu mwishoni anaandika √x² = x na anapita tu.

Weka x = −3 uone. (−3)² ni 9, na rasine (kipeuo cha pili) ya 9 ni 3, haiko −3, juu ile alama √ haitoe hata siku moja namba iko chini ya sifuri. Njo maana jibu ya kweli ni |x|, ile mistari miwili yenye kuondoa minus kama iko.

Sasa tuchukue √(72a⁵b²). 72 ni 36 × 2, a⁵ ni a⁴ × a, b² iko tayari. Vyenye viko kareti kamili (kitu chenye kimezidishwa na chenyewe, kama 36 = 6 × 6) vinatoka inje, 2 na a moja vinabaki ndani:

6a²|b|√(2a)

Hapo kila mara bananiuliza, profu, juu ya nini b inapata mistari na a haipate? Tuangalie pole pole. a² yenyewe haiwezi kuwa chini ya sifuri, basi mistari ya nini. Lakini b inatoka na kipeo 1, inaweza kuwa −5, na ukiiacha bila mistari jibu yote inageuka minus, wakati rasine haiwezi kuwa minus. Jaribu a = 2, b = −5: mwanzo ni √57600, ni kusema 240. Bila mistari unapata −240!

Kwa hiyo chunga kipeo chenye kinatoka. √x⁴ = x², hakuna shida. √x⁶ = |x³|. Na √x³ je? Ni x√x bila mistari, juu x ikiwa minus x³ pia ni minus na rasine haiko kabisa mu namba reeli. Kama swali imesema herufi zote ni chanya, mistari inaanguka, kwa hiyo soma swali mpaka mwisho mbele ya kushika biki.

Yenye inaangusha hata benye akili ni √(x² − 6x + 9). Ndani ni (x − 3)², jibu ni |x − 3|. Weka x = 1: rasine ya 4 ni 2, lakini x − 3 inakupa −2.

Na tafazali, √(x² + 9) muiache vile iko. Haiko x + 3: kwa x = 4 rasine ni 5, ile ingine ni 7.